Mtoto wako na tamthilia ya wavamizi kutoka sayari nyingine: Aangalie au asiangalie?

Mzazi mmoja wa Bashay, wilayani Mbulu, ameniuliza swali ambalo naamini si lake peke yake. Kijana wake wa kidato cha pili, mwenye miaka 15, amejaziwa kwenye flashi tamthilia nzima ya viumbe wa sayari nyingine wanaoivamia dunia. Kila jioni anaiangalia na mdogo wake wa miaka tisa. Mkubwa anafurahia na haachi kuisimulia. Mdogo ameanza kukataa kwenda chooni peke yake usiku, na mara mbili ameamka akilia. Mama anataka kujua kama aifute au awaache.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Mkubwa anaweza kuendelea, kwa masharti nitakayoyaeleza. Mdogo apumzishwe. Lakini kabla ya kuangalia umri wa mtoto, mzazi ajiulize jambo moja ambalo halijaandikwa kwenye flashi: mtoto wangu ameshapitia nini maishani? Kwetu sisi tunaoishi Manyara, swali hilo ni zito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ndani ya tamthilia hizi kuna nini

Tamthilia za namna hii, ambazo vijana huziita "sizoni", ni nyingi. Nitatumia mfano wa Falling Skies, iliyotengenezwa Marekani na kurushwa kuanzia Juni 2011 hadi Agosti 2015, misimu mitano yenye sehemu 52. Steven Spielberg alikuwa mmoja wa watayarishaji wake wakuu. Kwao Marekani ilipewa alama ya TV-14, maana yake mzazi anaonywa kwamba huenda isimfae mtoto wa chini ya miaka 14.

Hadithi inaanza miezi sita baada ya uvamizi. Watu wengi duniani wameshauawa, miji imebomolewa, umeme na simu hakuna. Mwalimu wa historia wa chuo kikuu cha Boston, aitwaye Tom Mason, amefiwa na mke wake na amebaki na watoto wa kiume watatu. Mmoja wao, Ben, amechukuliwa na wavamizi. Viumbe hao hawawaui watoto wanaowakamata. Wanawafunga mgongoni kifaa kilicho kama mdudu, kinachong'ang'ania uti wa mgongo na kuwafanya watii amri. Baba anamtafuta mwanawe akijua kwamba hata akimpata, kukiondoa kifaa hicho kunaweza kumuua.

Ukiangalia kwa macho ya mzazi utaona kwamba kiini cha hadithi hii si mazimwi. Ni mtoto kutengana na wazazi, mama kufa, nyumba kupotea, na mtu mzima kushindwa kumlinda mwanawe. Hapo ndipo penye uzito kwa afya ya mtoto.

Kinachomtisha mtoto hubadilika na umri

Wazazi wengi hudhani kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo hofu ya filamu inavyopungua. Si hivyo hasa. Hofu haipungui tu, hubadilika sura.

Mtoto wa miaka mitatu hadi saba huogopa kile anachokiona kwa macho: meno, ngozi ya ajabu, sauti ya kishindo. Ukimwambia "huyo ni mtu amevaa nguo", hukusikii, kwa sababu akili yake bado haijatenganisha vizuri kinachoonekana na kilicho kweli. Kuanzia miaka minane hivi anaanza kuelewa kwamba mazimwi ni ya kubuni, ila sasa anaogopa madhara: damu, kuumia, kufa. Akifika miaka ya ujana, anaogopa kile ambacho kingeweza kutokea kweli.

Ipo mifano iliyochunguzwa. Novemba 20, 1983, televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha filamu ya The Day After, inayohusu mji kupigwa kwa bomu la nyuklia. Watu walihofia sana watoto wadogo. Mtafiti Joanne Cantor na wenzake walipowauliza wazazi baadaye, walikuta kinyume: watoto wadogo walisumbuka kidogo kuliko vijana, na waliosumbuka zaidi ya wote walikuwa wazazi wenyewe. Mtoto mdogo hakuona zimwi, akalala. Kijana alielewa maana ya kile alichokiona, akakesha akiwaza.

Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayesema "mimi siogopi hayo madude" anasema kweli. Lakini hujamuuliza kama anaogopa kubaki peke yake duniani, na hilo huwa halisemi bila kuulizwa. Wala usimcheke mdogo wake wa miaka tisa. Kwa umri wake, kukataa kwenda chooni gizani baada ya kuona watoto wakitekwa ni jambo la kawaida. Ni ujumbe kwamba amepewa mzigo uliomzidi.

Mtoto aliyeyaona maafa kwa macho

Desemba 3, 2023, asubuhi ya Jumapili, mvua kubwa iliporomosha sehemu ya Mlima Hanang. Tope, mawe na magogo vikashuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Familia zilipoteza nyumba na mifugo, na watoto walitenganishwa na wazazi wao kabla ya kuokolewa au kupatikana. Familia nyingi za Mbulu zina ndugu upande wa Hanang. Wapo watoto waliosombwa, wapo waliozika, na wapo walioona picha zake kwenye simu siku nzima.

Sasa mweke mtoto huyo mbele ya tamthilia yenye mji uliofunikwa na vifusi, watu wanaoita majina ya ndugu zao, na mtoto anayemtafuta mama. Kwa mwenzake ni burudani. Kwake yeye inaweza kuwa ni kurudishwa siku ile. Moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linamuuma, au ananyamaza tu na kuduwaa. Ubongo uliopata mshtuko mkubwa hauhifadhi kumbukumbu hiyo kama unavyohifadhi nyingine. Harufu, sauti au picha moja inayofanana inatosha kuiamsha kana kwamba jambo linatokea sasa hivi.

Hali hii haiwahusu waliopitia maporomoko tu. Inamhusu pia mtoto aliyefiwa na mzazi karibuni, aliyenusurika ajali ya gari, aliyeona ugomvi wa damu nyumbani, au aliyewahi kutendewa ukatili. Kwa mtoto wa namna hii umri wa miaka 14 au 16 haumpi ruhusa yenyewe. Mzazi aangalie kwanza peke yake, kisha aamue. Ukiona ina mambo yanayofanana na yaliyompata, ahirisha. Tamthilia haiozi, ataiona mwakani.

Hata hivyo, Falling Skies yenyewe ina jambo la kujifunza hapa. Sehemu ya kwanza kabisa inafunguka kwa watoto kuchora picha za uvamizi na kueleza walichokiona, huku mtu mzima akiwasikiliza kwa upole. Jambo hilo si la kubuni. Kuchora na kusimulia ni njia ambayo wahudumu wa afya ya akili huitumia kweli kwa watoto waliopitia maafa. Ukiwa na karatasi na penseli nyumbani unaweza kumpa mwanao nafasi hiyo. Usimlazimishe kueleza. Mwache achore, keti karibu, na akitaka kusema, sikiliza bila kumkatiza.

Flashi haina onyo, na usiku ni mfupi

Tamthilia inayofika kijijini mara nyingi imepita mikono mingi. Imejazwa kwenye flashi au memori kadi kwa mwenye duka la simu, au inaonyeshwa kwenye kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa na wale wasimulizi wetu wenye maneno ya kuchekesha. Wanastahili sifa, kwa sababu wamewawezesha watu wengi kuielewa filamu ya kigeni. Lakini mara nyingi ile alama ya umri iliyowekwa na watengenezaji haifiki mpaka kwetu. Nchini tunayo Bodi ya Filamu, iliyopo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na jirani zetu wa Kenya wana bodi yao inayopanga filamu kwa madaraja, ikiwamo ya miaka 16 na ya miaka 18. Bodi hizo haziwezi kukaa kwenye kila flashi. Mlinzi wa mwisho ni wewe mzazi, pamoja na mwenye kibanda. Mzungumzeni naye. Mwombeni maonyesho ya watoto yawe Jumamosi mchana, na usiku asiwaruhusu watoto wa shule ya msingi.

Jambo la pili ni usingizi, na kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza vijana wengi zaidi kuliko hao wavamizi wenyewe. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Tamthilia hizi zimetungwa kila sehemu iishie pabaya: mlango unafunguliwa, mtu anapiga kelele, basi. Kijana anajiambia "moja tu ya mwisho". Katika baridi ya Mbulu anajifunika blanketi mpaka kichwani na simu yake, na saa nane usiku bado yuko macho. Saa kumi na moja alfajiri anatakiwa aamke ajiandae kwa safari ya shule.

Baada ya wiki mbili mzazi ananiletea mtoto anayeumwa kichwa, mwenye hasira, anayesinzia darasani, ambaye alama zake zimeshuka. Wengine wameshapimwa malaria na taifodi mara kadhaa. Dawa ya kwanza hapo ni simu kulala chumba cha wazazi kuanzia saa tatu usiku, na tamthilia kukoma saa moja kabla ya kulala. Sehemu mbili kwa siku zinatosha, na siku za shule hata moja ni nyingi.

Mwanga unaomweka na kifafa

Kuna familia ambazo lazima nizitaje peke yake. Tamthilia za anga zimejaa mwanga unaomwekamweka: silaha, milipuko, vyombo vya kuruka. Desemba 16, 1997, nchini Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Baadhi walipata degedege, na wapo ambao hawakuwahi kuwa na kifafa kabla ya hapo.

Wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga ni wachache, takriban watu 3 kati ya 100 wenye kifafa, lakini hupatikana zaidi kwa watoto na vijana. Mbulu kifafa si kigeni. Tafiti zilizofanyika kupitia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom zimeonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa kifafa wa eneo hili wana lava za minyoo ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Kifafa cha namna hiyo kwa kawaida hakitokani na mwanga, lakini kukosa usingizi huweza kukichochea kifafa cha aina yoyote, na kuruka dozi ni hatari zaidi.

Mwenye kifafa anaweza kuangalia televisheni akizingatia haya: asiache dawa hata siku moja, taa ya chumba iwake, akae mbali na skrini kwa hatua tatu au zaidi, na mwanga ukianza kumweka azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege ikizidi dakika tano, mkimbize kituo cha afya. Na tafadhali, asiambiwe kwamba viumbe wa kwenye filamu wamemwingia. Maneno hayo huchelewesha matibabu na kumjaza mtoto aibu.

Je, kuna faida?

Ipo, na sitaki mzazi aondoke hapa akidhani kila tamthilia ya kutisha ni sumu. Watoto wetu wamekua na hadithi za mazimwi tangu enzi za mababu. Tofauti ni kwamba bibi aliyesimulia jikoni aliona uso wa mjukuu. Akiona macho yamemtoka, alipunguza sauti, akamvuta karibu, akamalizia kwa kicheko. Skrini haimwoni mtoto. Mtu mzima akikaa pembeni, kazi ile ya bibi inarudi.

Kijana anayeangalia na mzazi hujifunza kuivumilia hofu akiwa mahali salama, na hujaribu kichwani maswali makubwa: ningefanya nini? Ningemwacha mwenzangu? Tena hadithi hizi zinafungua somo la historia. Mwingereza H.G. Wells alipochapisha The War of the Worlds mwaka 1898, kitabu kuhusu viumbe wa sayari ya Mars kuivamia Uingereza, aliwakumbusha wasomaji wake kile ambacho Wazungu walikuwa wamewatendea wenyeji wa Tasmania. Mwaka huohuo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Muulize kijana wako: wavamizi walipokuja kwetu, walikuwa na silaha gani ambazo sisi hatukuwa nazo? Nani alishirikiana nao, nani alipinga? Kijana wa miaka 15 akishaanza kujibu maswali hayo, tamthilia imeacha kumtawala, sasa ni yeye anayeichambua.

Mwongozo wa mzazi

Chini ya miaka 10: hapana. Hata akiwa na kaka yake. Mtafutieni kitu kingine saa hizo.

Miaka 10 hadi 13: mzazi aangalie kwanza sehemu moja au mbili. Akiridhika, waangalie pamoja, mchana au jioni mapema, na awe tayari kuzima.

Miaka 14 na kuendelea: wengi wanaweza, mradi usingizi na masomo havidhuriki, na mzazi anajua hadithi inahusu nini. Keti naye walau sehemu moja kwa wiki. Muulize ni nani anampenda na nani anamchukia, na kwa nini.

Umri wowote: mtoto aliyepitia maafa au msiba wa karibuni, mwenye wasiwasi mwingi au mwenye kifafa, ushauri wa pekee kama nilivyoeleza.

Mtoto akishatishika, usimwambie "mwanaume haogopi" wala kumtishia kwamba viumbe hao watamjia asipolala. Mtoto mdogo anahitaji kukumbatiwa, taa ndogo na mtu wa kumsindikiza chooni kwa siku kadhaa. Maelezo marefu hayamsaidii. Mkubwa anasaidiwa na mazungumzo: jinsi filamu inavyotengenezwa, waigizaji ni nani, na kwamba hofu yake ina maana. Mfundishe kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa mdomo, mara kumi. Usimpe Piriton wala dawa nyingine yoyote ili alale. Dawa hiyo ni ya mzio, si ya hofu.

Hofu nyingi za filamu huisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali ukiona ndoto mbaya zinaendelea zaidi ya hapo, ameanza tena kukojoa kitandani, anakataa shule, analalamikia tumbo au kichwa kila asubuhi bila ugonjwa kuonekana, anashtuka kila mvua inaponyesha, amejitenga na wenzake, au anasema hataki kuishi. Hilo la mwisho halisubiri kesho. Eleza wazi kwa mhudumu yaliyompata mtoto, ikiwamo maporomoko au msiba, kwa sababu asipojua atatibu tumbo tu. Vilevile ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo mtoto au mzazi anaweza kupiga bila malipo.

Kwa mama wa Bashay: usiifute flashi. Mkubwa aambiwe kwamba tamthilia ni yake, si ya mdogo wake, na iishe saa mbili na nusu usiku. Mdogo apewe wiki mbili za kusindikizwa bila kuchekwa. Na jioni moja keti na huyo mkubwa, mwombe akusimulie imefikia wapi. Katika kusimulia kwake utasikia kama kuna jambo linalomkaa moyoni.